Sampuli Niliyoisiriba

Nilistaafu mwezi uliopita, na tayari watu watatu wameniambia kwamba sasa nitapumzika vizuri. Hawajui kwamba sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kigoda na kutazama vipimajoto viwili vilivyokataa kusogea. Kama kuna mtu aliyepumzika kwa mshahara wa serikali hapa Tabora, ni mimi.

Nimeombwa niwaandikie ninyi vijana mliorithi kigoda hicho. Mkubwa wenu wa sasa alitaka nieleze nilivyopanda vyeo. Hiyo ingekuwa sura fupi mno, kwa hiyo nimeiruka. Nitaeleza jinsi tulivyopima joto linavyopita katika vitu, nani alinifundisha, na kosa moja nililolifanya ambalo mpaka leo limetundikwa ukutani juu ya vichwa vyenu. Mwishoni nina ombi moja dogo, basi msiishie njiani.

Nilitoka Sikonge, kwa baba mrina asali, nikiwa nimemaliza shule ya misheni ya Kimoraviani. Nilikuja kwa baiskeli ya kuazima, na mfukoni nilikuwa na barua ya mchungaji iliyosema kwamba mimi ni kijana mwaminifu na najua desimali. Kuhusu joto haikusema kitu, na kwa kweli sikujua lolote kuhusu joto isipokuwa kwamba lipo.

Kituo kilikuwa chumba kimoja nyuma ya karakana, jirani na reli, na paa lake lilikuwa la mabati matupu bila dari. Naomba mlifikirie jambo hilo taratibu. Serikali ilijenga chumba cha kupimia joto, kisha ikakiezeka kwa kitu ambacho ikifika saa nane mchana kiliwapika wapimaji kabla ya sampuli. Kwa sababu hiyo tulianza kazi alfajiri na kuzima stovu saa nne asubuhi. Muda uliobaki tulinakili namba na kulowesha karatasi za serikali kwa jasho.

Mkuu wa kituo alikuwa Mwingereza mrefu, mkimya, tuliyemwita Bwana Subiri. Neno lake la kwanza la Kiswahili lilikuwa hilo, na kwa muda mrefu halikupata mwenzake. Lakini mtu aliyeiendesha kazi yenyewe alikuwa Fundi Ramadhani, mwashi wa hapa mjini, ambaye babu yake alifika Tabora na msafara akiwa na pembe ya ndovu begani, akaitua, akakataa kuibeba tena. Yeye ndiye aliyekata sampuli zote, za mawe, matofali, mbao na udongo, na ndiye niliyekabidhiwa siku ya kwanza.

“Shikamoo, fundi,” nilimwambia.

“Marahaba. Umekunywa chai?”

“Bado.”

“Basi leo utakunywa ukiwa kazini, maana chai ndiyo kazi yenyewe.”

Akaleta kikombe cha bati chenye chai inayotokota, na vijiko vitatu: kimoja cha fedha kutoka kabati la Bwana Subiri, kimoja cha mti, na kimoja cha pembe ya ng'ombe. Kwenye ncha ya kila mpini alibandika choroko moja kwa kipande cha nta. Akavitumbukiza vyote kwa pamoja.

“Tazama choroko,” alisema.

Ya kijiko cha fedha ilianguka kabla sijakaa vizuri. Ya mti na ya pembe zilibaki palepale mpaka chai ikapoa.

“Umeshajua kazi yote,” alisema Fundi Ramadhani. “Kilichobaki ni kuandika namba, na hizo namba ndizo zinazowafurahisha wenyewe.”

Kisha akaniambia ninywe ile chai, na nilipouliza nta imetoka wapi akasema Sikonge. Huenda baba yangu ndiye aliyeirina. Nilikuwa na upweke mkubwa siku ile, na harufu ya ile nta ilinituliza.

Kifaa chenyewe bado mnacho, ingawa naona mmekipaka rangi. Ni sahani mbili nene za shaba, na sampuli ya duara inakaa katikati yake. Sahani ya juu inapashwa kwa mvuke. Ya chini inapata lile joto tu lililofanikiwa kupenya kwenye sampuli. Kila sahani ina tundu la kipimajoto, na mnangoja mpaka vipimajoto vyote viwili visimame bila kusogea kwa dakika kumi. Hapo ndipo mnasoma, na kwa hesabu mnapata kiasi cha joto ambacho kitu kile kinapitisha.

Swali la pili, yaani joto linasafiri kwa mwendo gani ndani ya kitu, tulilipata kwa njia nyingine. Tulipasha ghafla uso mmoja wa kipande kinene, tukashika saa mpaka uso wa pili upate habari. Haya ni maswali mawili tofauti. Nimewaona mainjinia wenye tai wakiyachanganya, kwa hiyo msione haya mkiyachanganya wiki ya kwanza. Wiki ya pili oneni haya.

Kazi zilikuja za kila namna. Kuna mzungu mmoja wa tumbaku huko Urambo aliyetaka kujenga mabanda ya kukaushia majani. Alituletea tofali moja kwa treni, limefungwa kwa kitambaa cha mezani, pamoja na barua iliyosema hili ndilo tofali bora kuliko yote nchini na anaomba tuthibitishe. Tulilipima kwa siku mbili. Lilikuwa tofali.

Mfanyabiashara wa nta, Mhindi mpole aliyekuwa na duka karibu na soko, aliuliza nta inapitisha joto kiasi gani, maana mzigo wake ulikuwa unalainika ndani ya behewa. Lilikuwa swali la maana. Bwana Subiri akaagiza nta ipimwe kwa mvuke kama vitu vingine vyote. Fundi Ramadhani alijaribu kumweleza kitakachotokea, akaambiwa asubiri. Tulisubiri. Katika safu ya matokeo Fundi aliandika kwa mwandiko mzuri: “Sampuli imeondoka.”

Fundi Ramadhani hakunifundisha kwa maneno mengi. Alikuwa na tabia ya kukiweka kila kipande shavuni kabla ya kukipima, kama mama anavyomsikiliza mtoto mwenye homa. Nilidhani ni uzee. Nilichelewa kuelewa kwamba shavu lilikuwa linamwambia kama sampuli imekauka.

Mwaka wangu wa tatu ikaja barua kutoka Dar es Salaam. Pale Tura, kituo cha reli mashariki ya Tabora, palikuwa panajengwa wodi ya wazazi. Kuta zilikuwa zimeshaamuliwa ziwe za tofali, na paa liwe la mabati. Ubishi ulibaki kwenye jambo moja: chini ya mabati kuwe na dari au kusiwe. Bwana Subiri alikuwa amependekeza dari ya miti na udongo, ileile inayoezekwa juu ya matembe yetu. Ninyi mliozaliwa chini ya mabati labda hamjawahi kulala kwenye tembe. Juu hupangwa magogo, juu ya magogo fito na majani, na juu ya majani udongo wa kichuguu unaoshindiliwa mpaka unene wa mkono. Jua la saa nane likilipiga paa hilo, joto lake linafika ndani wakati watu wameshatoka kwenda kuota moto uani.

Lakini serikali haiamini kitu ambacho watu wamelala ndani yake kwa miaka mingi. Inaamini namba. Injinia mmoja alitumwa aje aishuhudie namba hiyo ikizaliwa.

Tuliikata sampuli kwenye tembe kuukuu huko Kwihara, kando ya njia ya zamani ya misafara. Fundi Ramadhani aliichonga duara, akaiweka juu ya boriti ya karakana ikauke wiki nzima. Ilipofika siku ya mgeni, Fundi hakuwapo. Alikuwa amefiwa na shemeji yake na alikuwa makaburini tangu asubuhi. Aliniachia kazi yote mimi, akaniambia, “Usiiguse. Iteremshe, iweke kati ya sahani, basi.”

Niliiteremsha. Ilikuwa na ufa mmoja kuanzia ukingoni hadi katikati, na pembeni ilikuwa imemomonyoka.

Sasa naomba mnielewe nilikotoka. Kwetu, mchungaji akitarajiwa, mama alikuwa akichota udongo wa kichuguu, akauponda, akaukoroga kwa maji, akapiga magoti na kusiriba sakafu yote kwa kiganja mpaka ikang'aa. Nyumba yenye nyufa haikaribishi mgeni. Hakuna aliyetufundisha jambo hilo kwa kitabu. Tulizaliwa tukaikuta mikono ya mama zetu ina udongo. Na mimi siku ile nilikuwa nakaribisha mgeni mkubwa kuliko mchungaji, peke yangu, na kitu cha kumwonyesha kilikuwa na ufa.

Nilichukua udongo kidogo. Nikachukua maji. Nikaisiriba sampuli pande zote mbili kwa kiganja, kwa upendo na bidii, mpaka ikang'aa. Mama angejivunia.

Injinia alifika na treni ya asubuhi. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye haraka. Aliitazama sampuli, akamwambia Bwana Subiri kwamba hajapata kuona maabara ya Kiafrika yenye kazi nadhifu kiasi hiki. Nilifurahi sana, na nakiri furaha hiyo hapa maana niliilipia baadaye.

Kipimajoto cha chini kilipanda haraka kuliko nilivyowahi kukiona kikipanda kwa udongo wowote. Kilipofika juu hakikusimama vizuri. Kilicheza kidogo, kikishuka na kupanda. Bwana Subiri alikunja uso.

“Subiri,” alisema.

Injinia alitoa saa yake. Alisema kucheza kidogo si kitu na treni ya kurudi haiwezi kucheleweshwa kwa ajili ya udongo. Wakasoma. Ilipopigwa hesabu, udongo wa tembe ulionekana kupitisha joto zaidi ya mara mbili ya tulivyotazamia. Injinia alisema hakushangaa, kwa kuwa tope ni tope. Akaiandika namba kwenye kitabu chake, akapanda treni, na dari ya wodi ya Tura ikafutwa siku hiyohiyo. Serikali iliokoa udongo, ambao kama mnavyojua ni mali adimu sana katika nchi hii.

Kesho yake Fundi Ramadhani alirudi. Aliichukua sampuli kutoka mezani, akaiweka shavuni.

“Nani ameisiriba?” aliuliza.

“Mimi, fundi.”

“Kwa nini?”

“Mgeni alikuwa anakuja.”

Alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha kicheko kikamwishia, akaketi juu ya sanduku.

“Mwanangu, umempa mgeni maji akapima,” alisema. “Udongo mkavu una matundu, na ndani ya matundu mna hewa, na hewa ndiyo inayolizuia joto. Wewe umeyajaza maji. Nenda kwa Bwana umwambie.”

“Nitamwambia kesho.”

“Sampuli ilikuwa mkononi mwako. Mimi nikiulizwa nitasema. Nisipoulizwa, kauli ni yako.”

Hakuulizwa. Nami sikusema kesho yake, wala kesho iliyofuata. Nilikuwa kibarua wa muda, na niliogopa kurudishwa Sikonge kwenye mizinga na ile barua yangu ya uaminifu. Nilijiambia kwamba nangoja wakati mzuri. Katika kituo chetu kungoja kulikuwa sehemu ya kazi, kwa hiyo hakuna aliyeona tofauti. Namba ikapigwa chapa kwenye jedwali la serikali, mstari wa saba, na majedwali yakatumwa kila wilaya. Letu tulilitundika ukutani. Kila asubuhi nilikaa chini yake.

Dada yangu Raheli alikuwa ameolewa Tura na mfanyakazi wa reli. Mwaka uliofuata alijifungua katika ile wodi mpya. Nilipopata habari niliomba ruhusa ya siku moja, nikapanda treni kwenda kumwona mtoto. Mfukoni nilichukua kipimajoto. Hakuna aliyenituma nikichukue.

Nilifika kama saa nane mchana. Nilikuta vitanda vimetandikwa vizuri, shuka zimekunjwa, na hakuna mgonjwa hata mmoja. Mkunga, mama mmoja wa Kikatoliki aliyevaa rozari shingoni, alikuwa amekaa mlangoni akijipangusa uso.

“Shikamoo, mama. Wagonjwa wako wapi?”

“Marahaba. Wako kwa mlinzi wa stesheni. Hapa hulazwa usiku tu. Mchana humu huwezi kumlaza hata kuku.”

Niliingia ndani na kipimajoto changu. Nikakisoma, sikuamini, nikakisoma tena. Siwaandikii kilisema nini kwa sababu wataalamu wangedai nithibitishe nilikishika wapi na kwa urefu gani kutoka sakafuni.

Tembe la mlinzi wa stesheni lilikuwa kuukuu, limeinama upande mmoja, na lilikuwa baridi kama mtungi. Ndani yake walikuwa wazazi watano wamelala kwenye mikeka na watoto wao. Raheli alikuwa karibu na ukuta. Mtoto, wa kiume, alikuwa na vipele shingo nzima.

“Shikamoo, kaka,” alisema. “Umekuja na nini mkononi?”

“Kipimajoto.”

“Kitasema nini ambacho mgongo wangu haujasema?”

Nilikirudisha mfukoni. Nikamchukua mtoto. Raheli aliniambia kwamba kwa siku mbili za kwanza mtoto alikataa kunyonya mchana, akawa analegea tu, mpaka wanawake wa reli wakamwambia yeye atoke nje amlete hapa. Kabla yake kulikuwa na mzazi mwingine, wa kwanza kabisa kulazwa, aliyekuwa hajui kwamba inafaa kutoka. Alitii, akakaa kitandani kama alivyoelekezwa.

“Mtoto wake hakukaa wiki,” alisema Raheli.

“Alipatwa na nini?”

“Wameandika homa.”

Mimi ni mpimaji. Siwezi kuapa kwamba joto la paa lile ndilo lililomuua mtoto yule, kwa sababu sikuwapo na hakuna aliyepima. Lakini tangu siku ile, nikiona neno homa limeandikwa kwenye karatasi, huuliza paa lilikuwa la nini.

Nilimwambia dada yangu yote. Nilimweleza sampuli, ufa, maji, injinia na jedwali. Alinisikiliza huku akimpepea mtoto kwa ncha ya khanga.

“Kwa hiyo ni wewe,” alisema.

“Ni mimi.”

“Uliisiriba kwa sababu mgeni anakuja.”

“Ndiyo.”

“Na sisi tulioletwa kulala mle ndani, kaka, tulikuwa akina nani?”

Nililia mbele ya wanawake wanne nisiowajua. Hawakuninyamazisha. Mmoja alinipa maji.

Jumatatu alfajiri nilimkuta Bwana Subiri anawasha stovu, nikamwambia kabla sijavua kofia. Kiswahili chake kilikuwa kimeshakuwa kizuri kufikia wakati huo, lakini alirudi kwenye neno lake la zamani.

“Subiri,” alisema, akaenda dirishani, akanipa mgongo.

Kisha akauliza, “Kwa nini hukusema?”

“Niliogopa kufukuzwa, bwana.”

“Nikikufukuza, nani atapima tena? Mwite Fundi, mlete sampuli kavu.”

Tulikata sampuli mpya kutoka tembe lilelile la Kwihara. Safari hii tuliipima uzito kila asubuhi mpaka uzito ulipoacha kupungua, ndipo tukaiweka kati ya sahani. Ile kanuni ya kupima uzito siku baada ya siku, ambayo nasikia mnailaani, ilianza siku hiyo, na mtu wa kulaaniwa ni mimi. Tulipima mara tatu. Vipimajoto vilisimama kama askari. Namba ikatoka chini ya nusu ya ile ya jedwali. Tulipima na mwendo wa joto pia, na Fundi Ramadhani alipata muda wa kwenda kuswali alfajiri na kurudi kabla joto halijafika upande wa pili wa udongo.

Bwana Subiri aliandika Dar es Salaam kwamba kituo kimekosea. Aliandika kituo. Jina langu hakuliweka, na mpaka leo namheshimu kwa hilo.

Jibu lilikuja baada ya miezi kadhaa. Lilitushukuru kwa bidii yetu na kusema kwamba jedwali limeshapigwa chapa, hivyo sahihisho litaingia katika chapa ijayo. Kabla ya chapa ijayo vita vikaja, na karatasi ikawa na kazi za maana zaidi. Vita vilipokwisha niliandika tena. Safari hii nilijibiwa kwamba namba hiyo imetumika kwa miaka mingi bila malalamiko, na kuibadilisha sasa kungewachanganya watumiaji. Nadhani waliolalamika walikuwa wamelala kwenye mikeka kwa mlinzi wa stesheni, mbali kidogo na posta.

Wakati barua zinaenda na kurudi, Fundi Ramadhani hakungoja. Likizo yake ya kwanza aliitumia Tura. Shemeji yangu na wenzake wa reli walikata miti, wanawake wakabeba udongo wa kichuguu, na Fundi akasimamia dari nzima chini ya yale mabati bila kibali cha mtu yeyote. Ilipokamilika wanawake walikuja na vibuyu vya maji tayari kuisiriba, maana ilikuwa na nyufa. Alisimama mlangoni akawazuia. Aliwaambia wamwite mchawi wakitaka, lakini hakuna tone la maji litakalopanda juu mpaka dari itimize wiki sita. Raheli aliniambia kwamba walimwita.

Wazazi wakarudi wodini, mchana na usiku. Mlinzi wa stesheni akapata nyumba yake, na nasikia alilalamika kwamba imekuwa kimya.

Mngedhani hadithi imekwisha vizuri. Lakini baada ya vita ofisa mmoja alipita kukagua majengo ya reli. Aliingia wodi ya Tura saa nane mchana, akaona kuna ubaridi, akatoka nje akatazama paa, akaona mabati. Kuhusu dari hakuuliza kitu, kwa kuwa haikuwa kwenye ramani yake. Aliandika taarifa kwamba paa la mabati matupu limefaulu sana katika hali ya hewa ya magharibi ya nchi, na kwamba majengo yajayo yafuate mfano huo. Taarifa hiyo mnayo kwenye faili, imefungwa kwa utepe.

Fundi Ramadhani alifariki muda mfupi baadaye. Aliniachia kile kijiko cha pembe, nacho ndicho ninachokorogea chai ninapoandika haya. Nilimpenda mtu yule, na sikuwahi kumwambia nilivyoona haya mbele yake.

Sasa ombi langu. Jedwali ukutani kwenu, mstari wa saba, “Udongo wa tembe”. Namba ile ni ya maji yangu. Nimeisahihisha kwa penseli mara nne katika miaka yangu ya kazi. Kila mara mgeni mkubwa alipotarajiwa, karani fulani mwenye adabu njema aliliona jedwali limechafuliwa, akaliondoa, akatundika jipya, safi, lenye namba ileile ya zamani. Sikuweza kumkaripia hata mmoja wao. Nilimjua aliyewatangulia.

Wiki niliyoondoka, ilifika barua ya wodi ya wazazi ya Urambo. Iko kwenye trei, ya tatu kutoka juu. Wanauliza kama dari ya udongo ina faida yoyote, au wafuate jedwali na mfano wa Tura. Wanataka namba moja, na watakuja wenyewe kuiona ikipimwa. Mimi sina tena ruhusa ya kutia sahihi. Ninyi mnayo.

Sampuli kavu ya Kwihara imefungwa kwa kitambaa cheupe juu ya boriti, upande wa dirisha. Iteremsheni asubuhi watakapokuja wageni, iwekeni shavuni, kisha iwekeni kati ya sahani na mngoje. Nayo pia, kama ile ya kwanza, ina ufa kuanzia ukingoni hadi katikati. Uacheni kama ulivyo.